Kadhi Ataka Niape Kama Ni Pepo

Mwenye ukurasa, lisitiri jina langu, na la mtaa ulitupe kabisa, maana mji wetu wa Amu ni mdogo. Mtu akipiga chafya Wiyoni, Langoni wameshajua. Nawaandikia kwa herufi za Kiarabu, ndizo nizijuazo, mtanigeuzia.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mitatu. Kazi yangu ni kutibu wanawake wenye pepo. Cheka ukitaka. Namfunika mgonjwa shuka, namfukiza ubani, naingia naye humo chini, namuuliza pepo ni nani na ataka nini. Kisha natoka kuwaambia watu wake: ataka kanga mpya, ataka pete, ataka halua. Waume hutoa. Lolote jingine lililosemwa chini ya shuka halitoki, ndiyo amana ya kazi yetu.

Juzi juzi nililetewa mke wa bwana mmoja mwenye duka kubwa, lile lililotundikwa picha ya Malkia mpya wa Waingereza. Hali chakula, akiguswa hupiga mayowe. Nikamfunika, nikauliza kama kawaida, "Wewe ni nani? Wataka nini?" Akanijibu kwa sauti yake mwenyewe, pole pole: "Bibi, hakuna pepo. Ni mimi. Nataka asinipige." Akanigeuzia mgongo. Wallahi, nimekanda wanawake wengi, mgongo kama ule sijauona. Alama za mkanda, mpya juu ya kuukuu.

Nje mumewe na jamaa walikuwa wakingoja. Nami nimelelewa jikoni kwa mama yake yule bwana, nimekula chao tangu utoto. Haya ikanishika. Nikasema, "Pepo huyu mkali. Ataka mke akae kwao, mume asimguse mpaka nitoe ruhusa." Nikajiona mjanja kweli! Bwana asiyemwogopa hata Liwali akaogopa pepo, akakubali.

Sasa ujanja umenirudia. Mke amekwenda kwa Kadhi kudai talaka, na mume kajibu, "Alama hizo ni za pepo, humbamiza ukutani. Muulizeni mganga, kanena kwa kinywa chake." Kadhi hawezi kuutazama mgongo wa mke wa mtu, na jamaa zake mke, waliouona, waambiwa wamtetea mtoto wao. Nimebaki mimi. Mwezi ukiandama nimeitwa nikaape mbele yake kama ni pepo.

Mama yake bwana alinijia jana, hata hakuketi. "Wewe leo umwaibishe mwanangu mbele ya wanaume? Wewe, ulopakuliwa na mkono huu?" Tangu hapo sikai, sisimami, chai yanipoa mkononi. Nina hasira, nina haya, sijui kipi kimezidi.

Nikisema pepo, nimeapa uongo na mtoto wa watu arudishwe kwa mkanda. Nikisema kweli, nimeitoa amana ya shuka na nimejitangaza mwongo nti nzima. Nani ataniletea mgonjwa tena? Na najiuliza, astaghafirullah, ni wangapi niliowaombea kanga na pete, kumbe nao walikuwa wakinambia jambo lile lile?

Leo asubuhi nilimwendea yule mke kwao. Nilidhani atalia, atanishika miguu. Wapi! Alikuwa akichagua mchele, hakuinua mato kunitazama. Kaniuliza tu, "Bibi, nikirudishwa, utakuja kunikanda mgongo?"

Nimeondoka bila kumjibu. Ndugu zangu msomao, kina mama na kina baba, nambieni: nitamkabili vipi Kadhi, na huyu nimjibu nini?