Kidole ya Didier chini ya tomati

Naweka dau jogoo yangu, ile nyekundu yenye inafukuza mpaka mbwa: hakuna mutu hata moja atasadiki hii habari. Na jogoo itabaki kwangu, juu miye sishindwake. Lakini sikilizeni tu.

Mujinga alikuwa na miti kumi na mbili ya tomati nyuma ya nyumba yake, mu kambi ya wakimbizi huku Nchelenge. Kumi na mbili. Mutu wa kuchekelea angesema ile si shamba, ni salade. Lakini mbegu yake ilitoka mbali. Bwana yake Didier aliivukishaka mupaka kutoka kwao Pweto mu kachupa ka dawa ya macho, siku batu banakimbia vita na masufuria na magodoro ku kichwa. Ilikuwa mbegu ya mama yake: tomati moja nzito, yenye mabega, ya kukata vipande kama nyama. Kila mwaka Didier alikuwa anailima, anatoa mbegu, anaikausha, anairudisha mu kachupa.

Kisha akaenda Chisenga, kisiwa ya mu ziwa, kununua samaki, na mutumbwi ikarudi bila yeye. Bakamutafuta siku nane. Ziwa haikumurudisha. Kilio ikakosa mwisho, juu mutu mwenye hajazikwa, utamulilia namna gani mpaka umalize? Mujinga akavalisha koti ya Didier ya salaula, ile ya mitumba, pa kijiti, katikati ya shamba, kwa kufukuza ndege. Ndege hazikuogopa hata kidogo. Mwenye kuogopa alikuwa Mujinga. Kila asubuhi akifungua mulango alikuwa anaona mutu amesimama kule, amemupa mugongo, na kila asubuhi roho ilikuwa inaruka kabla macho haijaelewa.

Mwaka ya pili, mu kachupa mulibaki mbegu kumi na mbili. Akapanda yote. Hata mucheza karata mulevi wa soko ya Kashikishi hatupake yote mara moja. Lakini miti iliota muzuri, ikatoa maua, ikazaa. Tomati ya kwanza ilipoanza kubadilisha rangi, Mujinga akaishika, akaigeuza. Chini kabisa, pale ua ilikuwa inashikilia, kulikuwa alama nyeusi ya muviringo, imebonyea ndani, sawa mutu alisukuma na kidole gumba. Akageuza ya pili. Kidole. Ya tatu. Kidole.

Akakaa chini mu bulongo. Juu Didier alikuwa na ile tabia. Jioni alikuwa anapita mu mustari polepole, anabonyeza kila tomati pa chini na kidole gumba, anainamisha sikio kama daktari, eti anasikia kama imeiva. Mujinga alikuwa anamugombeza, anamuambia utaziharibu. Sasa ona.

Pa pompi ya maji neno ikatembea. Mutu moja mwenye mudomo mrefu akasema Didier amerudi kuhesabia tomati zake. Batu bakacheka. Kesho yake bakacheka kidogo. Siku ya tatu hakuna mwenye alicheka. Bamama bakaanza kuzunguka njia ya mbali ili basipite pa ile shamba. Angèle, jirani wa karibu, mwenye hakatalake kitu ya bure, alikataa tomati ya bure. Na Mujinga mwenyewe akaanza kusikia bitu: harufu ya tumbaku ya Didier kati ya miti, na hakuna mutu anavuta. Maji mu beseni inatikisika, na upepo hakuna.

Sasa, ile beseni. Mujinga alikuwa anaishi na bitoyo, samaki ya chumvi. Ananunua samaki mubichi Kashikishi, anaipasua, anailaza mu chumvi, anaiosha, anaianika. Na maji ya kuosha? Mutu wa ziwa hamwangake bure maji yenye samaki imeoga ndani. Pompi iko mbali, foleni ni refu, na hapa kila mutu anajua samaki inanonesha bulongo. Basi kila siku ya kuosha alikuwa anabeba beseni, ananywesha tomati. Siku zingine tomati hazipate hata tone. Siku zingine zinalewa.

Mwisho akaamua: Jumamosi atangoa yote, mizizi na matunda, atapeleka ku ziwa, atamurudishia Didier byake, na amuombe amuache. Na mbegu? Tunda yenye mufu ameshika, nani ataweka mbegu yake mu nyumba? Ingeenda, na mama ya Didier angeenda nayo, na Pweto yote yenye ilikuwa mu kale kachupa.

Ijumaa akafika Ba Ireen, mama mumoja mubemba wa kijiji ya jirani, mwenye alizeekea mu mboga. Kiswahili yake ni ya soko, ile ya bei gani na punguza. Alikuja kutafuta bitoyo. Akamukuta Mujinga anamwangia beseni miti yenye angengoa kesho, mukono inajiendea tu. Akamuuliza anaipa nini. Mujinga akamueleza yote, mutumbwi, kidole, tumbaku. Ba Ireen hakucheka. Akainama, akachota bulongo na bidole bibili, akaiweka pa ulimi, akafunga macho sawa mupishi anaonja supu.

"Mayo, mama," akasema, "hii bulongo umeipika. Chumvi imetosha. Bado ubwali tu, ile ugali yetu."

"Na kidole?"

"Kidole ni kiu. Muti inakunywa maji ya chumvi, kiu haiishe. Leo unaijaza, siku tatu unaisahau. Tunda ni ya mwisho kupewa ku sahani. Ikikosa, inaoza pa matako."

Mujinga akaweka beseni chini. Kisha akasema, pole kabisa: "Ba Ireen, miye ninamusikia."

"Musikie. Lakini tomati, uipe maji safi."

Akamuonyesha. Kukata matunda yote yenye alama, juu inakula chakula ya wadogo zake. Kumwanga maji ya pompi, ndoo kwa ndoo, mpaka bulongo iachilie chumvi. Kufunika chini na majani makavu ili isikauke. Kisha kila asubuhi kidogo, kila asubuhi sawasawa, pa muzizi, si pa majani, juu majani ikilala na maji inaugua. Na makonokono ya ku ziwa, zile maganda matupu, kuchoma, kusaga, kuchanganya mu bulongo, ni chokaa ya tunda. Maji ya bitoyo, kuimwanga mbali. Pa ile ya mwisho, Mujinga akaangalia koti.

Jumamosi ikapita, hakungoa. Akapanga foleni pa pompi wakati batu bangali banapiga miayo, na foleni ikamupisha mbele, si kwa heshima, ni kwa woga.

Mwezi moja na kidogo, tomati mpya ikakomaa. Mujinga akaigeuza. Chini ilikuwa safi, laini kama shavu. Akageuza ingine. Safi. Akageuza yote, muti kwa muti, haraka haraka, anatafuta kidole. Haikuwako. Harufu ya tumbaku pia haikuwako. Akasimama mbele ya koti, akaishika mukono: kitambaa tu. Siku ile njo alilia kilio yenye ilikosa mwisho, mpaka akamaliza.

Mbegu akaitoa, akaiosha, akaikausha ku sahani. Kachupa ikajaa mpaka shingo. Angèle akaja kuomba, akapewa.

Lakini pitia kule leo. Miti kumi na moja imefunikwa majani, inakunywa maji ya pompi. Ya kumi na mbili, ile yenye iko karibu na koti, Mujinga angali anaipa maji ya bitoyo, kikombe moja, kila siku ya kuosha. Haiuzake, haikulake. Jioni anageuza tunda zake, anaweka kidole gumba yake mu ile alama, anaacha pale kidogo.

Na yule mwenye mudomo mrefu pa pompi, mwenye alisema Didier amerudi, ni miye. Nilikuwa ninachekesha batu tu, na batu bakasadiki. Pale nilikosea.