Sarafu Mbili za Maskati

Ami yetu, mdogo wake Baba, aliporudi kutoka Maskati alituletea sarafu mbili za dhahabu: moja ya dada yangu, moja yangu. Sisi ni wa baba mmoja. Mama yake dada ni Mwarabu mwenye nasaba yake. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilima mhogo Gando. Shangazi, aliyenilea hapa Madungu, hakuniacha nikalisahau hilo hata siku moja.

Dhahabu ilikuwa moja na uzito mmoja. Tofauti alitueleza Ami. Ya dada ilipigwa kwa muhuri uliosuguliwa, ikarudiwa tena, hata uso wake ukawa kioo, ukiinama unaona pua yako, na picha ikasimama juu yake nyeupe, kama iliyopuliziwa pumzi. Hiyo ni ya kuwekwa, haiguswi hata kwa kidole. Yangu ilipigwa mara moja tu, inang'aa sawasawa pote. Ni ya kuuzwa kwa mzani.

"Umesikia?" Shangazi akaniambia mbele ya wageni. "Ya mwenzio ya kutazamwa. Yako weye ya kuyeyushwa. Kila ntoto na mamaake."

Watu wakacheka, na Baba akacheka nao. Nilimchukia siku ile.

Lakini sarafu yangu niliipenda. Nyumbani mle, kitu kipya nilichowahi kupewa kilikuwa hicho tu.

Ilipofika harusi ya dada, Shangazi alikaa uani kusafisha vito vya bibi harusi kwa ukwaju na majivu, kama walivyosafisha bangili mama zake. Akaitoa na sarafu ya dada katika kijumba chake cha plastiki.

"Shangazi, hiyo haisuguliwi. Ami alisema."

"Nyamaza! Dhahabu utaijulia wapi weye?"

Akasugua mpaka akatosheka. Alipoisuuza, kioo kilikuwa kimekufa, mikwaruzo mitupu kama kitako cha sufuria.

Akaitazama. Kisha akaingia chumbani kwangu, akarudi na yangu, akaitia ndani ya kile kijumba, akakifunga. Yenye mikwaruzo akanitupia mapajani.

"Chukua. Uzito si mmoja? Dhahabu ni dhahabu."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote. Nikamtazama. Nilitaka neno moja tu kutoka kwake, nijue kuwa na mimi nina baba.

"Usiniharibie harusi ya mwanangu," akasema.