Prosesa Kumi na Sita Zisizo na Mwenyewe

Kazini walimwita Kibaba, na jina hilo hakulikataa. Ndiye aliyewapimia wenzake nguvu za kompyuta kama muuza nafaka: huyu prosesa mbili, yule nne, na anayetaka zaidi aeleze za nini. Ofisi yao, iliyotabiri mafuriko, haikuwa na kompyuta kubwa hata moja. Walikodi mashine pepe kwa kampuni ya mbali, mashine unayoitumia bila kuigusa, na kampuni hiyo iliwawekea kikomo: prosesa sitini na nne kwa mashine zao zote. Ukifika hapo, mashine mpya haiwaki hata ulie.

Kutulia hakukuwa kwake. Mama yake alisema binti huyu alizaliwa na siafu miguuni. Na tangu arudi kutoka likizo ya uzazi, miezi miwili nyuma, hali ilizidi: kazini anamwaza mtoto, nyumbani anaiwaza kazi.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kukatika. Saa tatu asubuhi mtabiri, mama wa makamo asiyepaza sauti, alisimama mlangoni.

"Mdogo wangu, mto umepanda kupita kawaida. Nataka prosesa ishirini na nne nipige hesabu za bonde la chini. Nikianza kabla ya saa sita, jioni tuna jibu."

"Zimebaki sita, dada."

"Sita nitazifanyia nini? Si uombe kikomo kipandishwe?"

"Nimeomba tangu juzi. Wanasema ombi linashughulikiwa."

"Basi uyaambie maji nayo yasubiri."

Kibaba akawaandikia wote: "Mwenye mashine asiyoitumia aizime sasa hivi. Uzembe wa mmoja usituzamishe wote." Hakungoja majibu. Alishuka ngazi mbili mbili hadi kwa mchora ramani.

"Mimi ndiye mzembe?" mchora ramani akauliza, barua bado iko mbele yake.

"Kaka, sikukutaja. Nipe chochote."

Akazima mashine ya prosesa nne huku akinung'unika. Kwingine kote Kibaba alitoka mikono mitupu. Pamoja na zile sita, zilikuwa kumi tu, na saa nne ilishapita.

Alirudi mezani, akaisoma orodha ya mashine amesimama, moja baada ya nyingine. Karibu na mwisho akaiona: prosesa kumi na sita, jina lake "jaribio", imewaka miezi mitano bila kufanya lolote. Damu ikamchemka. Alibonyeza aone nani aliyeiwasha.

Jina lilikuwa lake.

Ndipo akakumbuka. Aliiwasha akiijaribu programu mpya, asubuhi ile uchungu ulipomshika pale pale kitini. Walimkimbiza hospitali, na mashine ikabaki inawaka.

Angeweza kuizima kimya kimya, nani angejua? Aliizima, akazunguka meza mara mbili, kisha akaingia kwa mkuu wao, alikokuwa mtabiri pia.

"Prosesa zimepatikana," alisema. "Mzembe ni mimi."

Mkuu alifungua mdomo, lakini mtabiri akamwahi. "Toba baadaye. Niwashie mashine."

Hesabu zilianza saa tano na nusu. Kutwa nzima Kibaba alikuwa njiani: dirishani, kwa mtabiri, dirishani tena. Alimpigia mama yake kuuliza kama mtoto amekula, akakata kabla hajajibiwa, akapiga upya.

Saa kumi na moja jibu likatoka: maji yangevuka tuta la mto kabla ya mapambazuko. Redio zikatangaza, na watu wa bondeni wakapanda juu na vitanda vyao na mbuzi wao. Mto ulichukua daraja la miguu na nyumba tatu. Hazikuwa na mtu ndani.

Kesho yake kampuni ikajibu kwamba kikomo kimepandishwa maradufu. Mkuu naye alimpa Kibaba barua ya onyo, akaipokea kwa mikono miwili. Tangu hapo kila mashine huandikwa jina la mwenyewe na siku ya kuzimwa, na kila asubuhi Kibaba huanza kwa kukagua zake.

Wenzake walimsamehe upesi, isipokuwa mchora ramani. Aliombwa radhi kwa barua, akaombwa kwa mdomo, na bado kwa wiki tatu salamu yake ilikuwa ya kutingisha kichwa tu.