Gunia la Watu Watatu

Muuza duka alimwita Mama Robo, na jina lilimfaa. Robo kilo ya sukari asubuhi, robo ya mchele jioni, mafuta ya kupimiwa kwenye kikopo, sabuni ya kukatiwa kipande. Alikuwa mpiga pasi kwa dobi mmoja. Siku dobi alipomtuma soko la jumla kuleta sabuni, ndipo alipogundua kwamba vile vipande vyake vya miezi miwili vingemnunulia katoni nzima na chenji ingebaki. Alirudi amenuna kama mtu aliyeibiwa.

Jioni aliwafuata wapangaji wenzake wawili, kinyozi na mama wa mapacha.

"Tuchange," akawaambia. "Tununue gunia la mchele, dumu la mafuta na katoni ya sabuni, tugawane."

Kinyozi akaangua kicheko. "Mama Robo na gunia wapi na wapi?" Lakini akatoa. Mama wa mapacha alihesabu noti zake mara mbili ndipo akatoa, maana hiyo ndiyo pesa yake yote ya chakula cha mwezi.

Aliyegoma ni mama mkwe wa Mama Robo, aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja. Mkokoteni ulipoleta mzigo Jumamosi asubuhi, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwanangu, hiki ni chumba au ghala? Mimi nipite wapi, dirishani?"

"Vumilia, mama. Kesho sote tupo, tutagawana."

Gunia likawekwa sakafuni kando ya kabati, na Mama Robo akakimbilia kazini.

Saa tisa mvua ikamwagika. Mama Robo alikuwa ameshika shati la mteja alipoukumbuka mfereji ulioziba nje ya nyumba yao, na maji yalivyowahi kuingia chumbani hadi kwenye vifundo vya miguu. Akachomoa pasi, akamwomba dobi ruhusa huku tayari yuko barabarani. Njia nzima aliiona sura ya mama wa mapacha, akawa hajui atamwangaliaje.

Alipofungua mlango, maji yalikuwa yametapakaa chumba kizima. Kando ya kabati hapakuwa na kitu. Akashika kichwa.

"Mama! Gunia liko wapi?"

"Usinipigie kelele, nimechoka."

Mama mkwe alikuwa amepanda kitandani kwake, gauni limeloa hadi magotini. Mgongo ameegemeza kwenye gunia, dumu liko ubavuni, na katoni ameipakata kama mjukuu.

"Umelinyanyuaje peke yako?"

"Nani kakwambia peke yangu? Nilimwita kinyozi wenu, akamwacha mteja na nusu kichwa. Yeye akasukuma, mimi nikavuta."

"Na godoro lako, mama? Gauni lako limelilowesha."

"Godoro litaanikwa. Mchele ukilowa utauanika wapi?"

Mama Robo akapitisha mkono chini ya gunia, pande zote. Kavu. Akajikuta ameketi ukingoni mwa kitanda, anacheka na kulia kwa pamoja, na mama mkwe anampigapiga begani.

Jumapili wakagawana, kijua kikiwaka uani. Mama mkwe ndiye aliyeshika bakuli la kupimia, wala hakumwachia mtu. Mama wa mapacha alibeba fungu lake kwa safari tatu, na kila alipopita alimshika Mama Robo mkono. Mwili wote wa Mama Robo ulikuwa umelegea, mwepesi, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.