Mota ya Kumpa Binti

Kaka yangu ni mwoga. Hilo nalisema mbele yake na nyuma yake, na yeye mwenyewe hakatai. Ni fundi baiskeli, na tangu aanze kazi hajamruhusu mteja aondoke kabla hajabana breki za baiskeli yake, akazibana tena, kisha akamwita mtu arudi ili azibane upya. "Subiri kwanza," ndiyo salamu yake. Mtaa mzima ukamwita Subiri, na siku hizi hata barua ya kanisani huandikwa hivyo. Mimi, dada yake, nashona nguo kibarazani kwenye karakana yake, cherehani yangu inatazamana na meza yake ya vyuma, kwa hiyo nakula vumbi la kutu mchana kutwa huku namsikiliza akiogopa.

Uoga ulimzidi pale mkewe alipofariki na kumwachia binti mmoja. Mtoto tulimlea sisi wawili. Yeye alimfundisha kupanda baiskeli hapo uani, mimi nikamfundisha kujibu watu. Matokeo yake ndiyo haya: msichana haogopi kitu, na ukimwambia aogope anakucheka.

Anafanya kazi zahanati. Hupeleka dawa na chanjo kwenye vijiji vya mlimani, akirudi analeta damu ya kupimwa. Njia yenyewe ni kijia cha mawe, kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo ambalo mimi silichungulii. Alikuwa anakwenda na baiskeli ya kawaida, akiisukuma kuliko anavyoipanda, na huko juu watu wameshawahi kungoja dawa hadi mgonjwa mwenyewe hakuihitaji tena.

Ndipo daktari wa zahanati, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, akapewa baiskeli mbili za umeme za mlimani azijaribu. Moja abaki nayo, nyingine airudishe. Akazileta kwa kaka.

"Fundi, mota mimi sizijui," alisema. "Wewe utakayoitaja ndiyo nitakayochukua. Mpandaji ni binti yako."

Kaka akazibana breki za zote mbili papo hapo. Nilimwona.

Baiskeli zilifanana kama pacha, isipokuwa mota. Zote mota zake zilikaa katikati, pale pedali zinapoungana, zikivuta cheni badala ya kuzungusha gurudumu. Mimi nilizibatiza siku hiyohiyo: moja Mpole, nyingine Nguruma. Mpole alikuwa anangoja kwanza pedali zizunguke ndipo akusaidie, tena kwa ustaarabu, kama mgeni anayebisha hodi. Nguruma hakuwa na hodi. Yeye alisikia uzito wa mguu wako, na ulipokanyaga tu, alishaondoka.

Kaka alizifunga kwenye stendi, akazizungusha, akaweka kiganja juu ya mota moja baada ya nyingine kuona ipi inapata joto. Akazisikiliza. Akazijaribu mtaani kwenye tambarare, zikiwa zimewekwa kwenye nguvu ndogo kabisa, maana Subiri ni Subiri.

"Nguruma itakuwa inatafuna cheni," aliniambia. Alisema kwa furaha ambayo haikunipita.

"Unatafuta sababu," nikamwambia.

"Sitafuti. Nasema ninachokiona."

"Baba anataka nipewe Mpole," binti alidakia, amekaa juu ya ndoo anakula karanga. "Angeweza angenipa baiskeli isiyokwenda kabisa."

Tulicheka sote isipokuwa kaka.

Siku ya kuzijaribu mlimani kaka alinilazimisha niende nao. Kazi yangu? Kubeba begi la bandeji. Nilimtukana njia nzima, lakini nililibeba. Kwenye karia ya kila baiskeli alifunga mfuko wa mchanga wenye uzito wa sanduku la dawa, na mota zote akaziweka kwenye nguvu kubwa, kwa sababu mlima ule haupandiki kwa nguvu ndogo.

Binti alitangulia na Mpole. Chini alikwenda vizuri, anaimba. Lakini mlima ulipokaza, pedali zikawa zinazunguka polepole, na Mpole akaanza kusitasita. Akapata joto. Halafu katikati ya mwinuko mkali akakata nguvu, pu, kama mtu aliyezimia. Baiskeli na mzigo vikaanza kurudi nyuma. Binti akaruka chini, akashika breki, na breki ikashika lakini mawe hayakushika, tairi likawa linateleza kuelekea korongoni. Kaka, aliyekuwa nyuma anaisukuma Nguruma, aliitupa akakimbia, akaidaka karia kwa mikono yote miwili. Jamani! Mimi nilikuwa nimesimama tu na bandeji zangu kifuani.

"Si kitu, Baba," binti akasema. "Nilikuwa nimeishika."

Hakuwa ameishika. Sote watatu tulijua.

Basi kaka akapanda Nguruma yeye mwenyewe, kwa tahadhari, akikaa kwanza kwenye siti ndipo akanyage. Lo! Ile mashine ilipanda mlima kana kwamba mlima umelazwa chini. Haikusita, haikupata joto. Alifika kwenye kona nyembamba, akasimama, akashuka kutungoja. Tulipofika aliigusa mota kwa kiganja na nikaona uso wake umeanguka. Alikuwa anatamani iwe ya moto.

"Tuendelee," akasema.

Sasa, hapa kwetu kuna namna moja tu ya kupanda baiskeli. Mguu wa kushoto unauweka juu ya pedali, wa kulia unajisukuma chini, baiskeli ikichanganya mwendo ndipo unaurusha mguu juu ya siti. Hivyo ndivyo alivyopanda yeye tangu utotoni, ndivyo alivyomfundisha binti, na hata mimi na unene wangu ndivyo ninavyopanda. Akashika hendeli, akaweka mguu wa kushoto juu ya pedali, akauegemea.

Nguruma akasikia mguu.

Ilichomoka naye upande mmoja, yeye ananing'inia hajakaa, mguu wa kulia unaburuzika kwenye mawe. Haikufuata kona. Ilinyooka korongoni. Nilipiga ukelele nikafumba macho, na nilipofumbua kaka alikuwa amelala kifudifudi pembeni kabisa, kiwiko kinavuja damu, gurudumu la mbele liko nje ya dunia, linazunguka hewani. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika fremu. Tulimvuta yeye na baiskeli pamoja. Nilimfunga bandeji kwa haraka hata nikajifunga na kidole changu mwenyewe, na wala hatukucheka.

Tulirudi kwa miguu, tunazisukuma.

Karakanani nilimletea maji, nikakaa mbele yake. "Haya, yamekwisha," nikamwambia. "Mwambie daktari Mpole. Hakuna atakayekuuliza."

Alikaa anaziangalia zile baiskeli, kiwiko kinalowa. Nilijua analolipima, kwa sababu hata mimi nilikuwa nalipima. Angesema Mpole, na daktari angeichukua bila swali, na ule udhaifu wa Mpole mlimani ungebaki siri yetu watatu. Binti alisimama mlangoni. Safari hii hakuwa na karanga.

"Baba, ipi?"

"Nguruma," akasema.

Nilisimama nikaangusha kiti. "Una wazimu! Umetoka kuchungulia kaburi mwenyewe, sasa unamsukumia mtoto?"

"Kaa, dada."

"Sikai!"

"Basi simama, lakini nisikilize." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpole itamwacha mlimani na mzigo. Si leo tu. Kila akipanda, palepale, itachoka. Hilo liko ndani ya mota, mimi siwezi kulitoa. Nguruma haina kosa. Kosa liko kwenye mguu wa kushoto, na mguu huo nilimfundisha mimi."

"Si aizime kila akishuka!"

"Atasahau. Mimi niliijua, nikasahau. Na akiizima, na mzigo ule kwenye mwinuko ule, hataweza kuondoka. Lazima ajifunze kupanda upya."

Nilimgeukia binti nikitegemea atashangilia, maana alikuwa ameitaka ile mashine tangu siku ya kwanza. Alikuwa anaangalia kiwiko cha baba yake.

"Baba," akasema, "naogopa."

Maneno hayo kaka yangu alikuwa ameyaomba kwa Mungu tangu msichana alipoweza kufikia pedali. Nilidhani yatampoza. Badala yake uso ulimkunjamana, akageuka akajifanya anatafuta spana, na mabega yakawa yanamcheza. Nami nilianza kulia bila aibu, kwa sababu mtoto niliyemlea asiogope mtu alikuwa anaogopa mbele yangu.

"Njoo," kaka akasema mwishowe. "Shika breki zote mbili. Usiziachie."

Alimfundisha hapo uani kama siku ile ya utotoni, ila kinyume. Kaa kwanza. Miguu yote chini. Breki zimebanwa. Kisha mguu, taratibu. Ungedhani ni jambo dogo! Mguu wa kushoto ulikuwa unapanda wenyewe, yeye hajui. Kaka anafoka, binti anaushusha, wanaanza tena, ukapanda tena. Siku ziliisha hivyo, mpaka mguu ukaanza kutulia, na daktari akatuma mtu kusema dawa zinangojewa juu.

Asubuhi hiyo kaka alibana breki, akazibana tena, akamwita binti arudi, akazibana upya. Safari hii sikumtania. Sanduku la dawa lilikuwa limefungwa kwenye karia. Binti akakaa kwenye siti, miguu yote chini, akavuta kando sketi niliyomshonea mwenyewe auone mguu wa kushoto kama umetulia.

"Na wewe unaogopa?" akamuuliza baba yake.

"Sana."

"Basi niachie."

Ndipo nilipoona kwamba kaka ameshika karia. Aliangalia mikono yake kana kwamba si yake, akaifungua. Binti akakanyaga, na Nguruma akaondoka naye barabarani kuelekea mlimani. Kaka alimfuata kwa miguu, bandeji inaning'inia kiwikoni, akapita maduka, akapita kona, na sikumwita arudi.