Beseni la Mpima Ardhi

Gari la moshi la Wadachi lilipofika Korogwe, lilifika na masanduku. Hoteli niliyofanya kazi ilitazamana na stesheni, vyumba sita na baraza, na kazi yangu ilikuwa kuwahi mizigo kabla abiria hajaanza kununa. Niliipenda kazi ile, wala sioni haya kusema. Sanduku tu lilinitosha kumjua mtu. Lililofungwa kamba tatu lilikuwa la mwoga, na lililo jepesi mno lilikuwa la mtu aliyekuja kula vya watu.

Mgeni akitaka kwenda Handeni, ambako reli haikufika, sisi wa hotelini tuligeuka wapagazi, siku tatu kwa miguu. Ndivyo nilivyokabidhiwa beseni. Mgeni mwenyewe alikuwa mpima ardhi, Mdachi mpole, ila halali bila kuoga maji ya moto, na beseni lake la bati lilinizidi ukubwa. Hapakuwa na namna ya kulibeba ila kulifudikiza kichwani juu ya kata ya nguo. Ukishalivaa huoni kitu ila vidole vyako na visigino vya mwenzako aliye mbele. Mnyapara wa msafara aliniambia nikilifikisha Handeni bila kulibonyeza, nitaendelea nalo hadi Kondoa, mbali huko bara. Nilikubali palepale. Nilikuwa natafuta kuoa, na nilidhani mwanamume aliyefika Kondoa hanyimwi mke.

Mchumba wangu alikuwa wa Kang'ata. Wajomba zake walishaipokea posa. Aliyebaki ni mama yake, na mama hakusema ndiyo wala hapana, mwezi hadi mwezi. Nami nisingeweza kwenda kumbembeleza, maana kwetu Wazigua mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani uso kwa uso. Mkikutana njiani, unaingia majanini mpaka apite.

Siku ya tatu, Handeni ikiwa karibu, visigino vya mbele vilisimama. Mwenzangu, naye mtu wa Kang'ata, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama mkwe wangu huyo anakuja, yuko peke yake, na kapu kichwani.

Nikaruka pembeni, nikachutama, beseni likanifunika mpaka chini kama kobe. Nikajiona mjanja sana. Mwenzangu akampa shikamoo, akamwuliza safari ya wapi. Mama akasema anakwenda Korogwe kuulizia habari za kijana fulani wa hotelini. Kisha akauliza kile cha bati ni nini, na mwenzangu, ambaye hakuumbwa kuficha jambo, akasema ni beseni, na ndani yake yumo kijana mwenyewe.

Jasho lilinitoka. Mama akaanza kusema nami kwa njia inayoruhusiwa, yaani kupitia mtu mwingine.

"Mwulize anakwenda mpaka wapi."

Namna alivyouliza ilinitia shaka, nikajibu kutoka ndani kwamba aambiwe naishia Handeni. Mwenzangu akashangaa kwa sauti kubwa, "Si ulisema Kondoa?"

Ningekuwa na mkono mrefu ningemzaba kofi. Mama hakukasirika. Alitua kapu lake, nililisikia likigusa ardhi.

"Mwambie kwamba mwanangu wa kwanza alichukua mzigo wa wazungu, akaniambia atarudi kabla ya mvua. Sijui hata alifika wapi. Huyu binti ndiye niliyebaki naye. Sitaki ajifunze kungoja kama mimi."

Ubishi wote uliniisha. Miezi yote ile nilimdhania ana maringo, kumbe ana hofu, na hofu yenyewe ilikuwa ya haki. Niliona aibu, na nilishukuru kwamba nimefunikwa.

Wakati huohuo mpima ardhi akafika, akagonga beseni kwa fimbo yake, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kama mimi mgonjwa. Mwenzangu akamweleza mambo ya ukwe. Mnyapara akafoka niinuke upesi, la sivyo hotelini nisirudi. Sikuinuka. Nilimwambia mwenzangu amwambie mama kwamba nikifika Handeni natua, na situi ili nipumzike tu, Kondoa siendi tena. Mama alijitwisha kapu, na nilisikia hatua zake zikirudi Kang'ata, si kwenda Korogwe.

Handeni nikalitua beseni bila hata kovu. Mnyapara aliniita mpumbavu mbele ya watu, akamtwika mpagazi mwingine. Mimi nikashika njia ya Kang'ata.

Nilikaribishwa barazani kwa mjomba wa binti. Chakula kikaja kikiletwa na mtoto, ugali na kunde ndani ya bakuli la mti lililokuwa jeusi kwa uzee. Nilikuwa na njaa ya siku tatu, nikafuta mpaka ukingo. Nyuma ya ukuta nikamsikia mama akimwuliza mtoto kama nimekula, na mtoto akasema nimemaliza chote. Hakuuliza tena.

Posa ikapita wiki ileile. Siku nyingi baadaye mke wangu ndiye aliyeniambia kwamba bakuli lile lilikuwa la kaka yake. Tangu alipoondoka, mama alikuwa akiliosha kila asubuhi na kulirudisha darini, na hakuwahi kumpakulia mtu mwingine humo.