Majigambo ya Kiboko

Mume wangu alikuwa mwanaume kweli kweli. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asinisikie nikicheka akadhani namdharau marehemu. Alikuwa amepitia uaskari, bunduki aliijua, jembe alilijua, na hakuwahi kuniinulia mkono. Tatizo lake lilikuwa mdomo tu. Mdomo huo ulitaka kumpeleka jela kwa kosa ambalo hakulifanya, na ambalo mimi mke wake nilijua hata angefukuzwa na simba asingeweza kulifanya.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa watu wa Nyanungu, wa ng'ombe na ulezi, tukahamishiwa huku chini karibu na Mto Mara, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Shamba la kijiji likawekwa kwenye tambarare ya mto kwa sababu udongo ni mweusi na mahindi yanakubali. Wakubwa walipima, wakapanga, wakapiga makofi, wakaondoka. Viboko hakuna aliyewauliza.

Basi viboko wakatuonyesha wenyewe. Giza likiingia wanapanda kutoka majini, wanakula mahindi yetu, yale wasiyoyala wanayalaza chini kwa matumbo yao, na kukicha wameshajirudia mtoni wamelala, wametoa masikio tu. Tulipiga madebe mpaka madebe yakatoboka. Wao wakazoea, nadhani walidhani tunawachezea ngoma. Mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chetu sote, hatukuwa na mengine.

Mwenyekiti wa kijiji akaenda kulalamika, na baada ya kuzungushwa sana akaja bwana nyama, yule afisa wa serikali wa wanyamapori. Alitokea upande wa pili, wa Serengeti, kituo chake kikiwa Mugumu. Gari lake aliliacha ng'ambo, akavushwa na mtumbwi wa Mjaluo mmoja aliyekuwa amehamia pale kuvua na kuvusha watu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, si Mkurya kama sisi, na macho yake hayakutulia mahali pamoja.

Tukakusanywa mkutanoni, akatusomea sheria. Alisema kijiji kimepewa bunduki na kibali cha kiboko mmoja, yule anayeharibu mazao. Atakayepiga ni mmoja, anayejulikana kwa jina. Asimpige jike mwenye mtoto. Akimjeruhi asimwache akaenda zake kunywa pombe, amfuate mpaka ammalize. Meno ni mali ya serikali. Na apige akiwa nchi kavu, amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Ndani ya gari, marufuku. Ndani ya mtumbwi, marufuku kabisa.

Mzee mmoja akauliza, "Sasa bwana nyama, mnyama mwenyewe anakaa majini, sisi tumpigie wapi, kanisani?"

Watu wakacheka. Bwana nyama naye akacheka kidogo, kisha akaeleza. Mtumbwi unayumba, mkono hautulii, risasi inaweza kuteleza juu ya maji ikampata mama wa watu anayechota maji ng'ambo. Tena kiboko akijeruhiwa majini anazama, humwoni, na kesho yake anakwenda kuwapindua watu wasio na kosa lolote. "Kwa hiyo atakayempiga akiwa kwenye chombo cha majini," akasema, "atafungwa. Bunduki itarudi serikalini na mtumbwi utachukuliwa." Nilimwona Mjaluo akigeuka kutazama upande wa mto.

Mume wangu akachaguliwa kushika bunduki. Nani mwingine? Yeye ndiye alikuwa askari. Alirudi nyumbani kifua kimetangulia, mwenyewe anafuata nyuma.

Asubuhi aliyompiga kiboko, alinisimulia mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Aliingia jikoni kumepambazuka tu, akaketi, akaomba uji. Alisema alikuwa amejificha kwenye mihogo, ile iliyo kati ya mahindi na mto, amepiga magoti. Kiboko akapita karibu yake akirudi majini. Akampiga nyuma ya sikio. Mnyama akapiga kelele, akavunja matete, akajitumbukiza mtoni, akazama.

"Umemuua?" nikamuuliza.

"Nimemuua. Ataelea." Halafu akaongeza, "Mama watoto, niliogopa sana leo."

Nilimpenda kwa maneno yale. Ni wanaume wangapi wanamwambia hivyo mke wao? Angeishia hapo hapo jikoni, dunia ingekuwa na amani.

Jua lilipopanda kiboko akaelea kweli, lakini katikati ya mto, mahali penye kina. Vijana na Mjaluo wakaingia kwenye mtumbwi na kamba, wakamfunga mguu, wakamvuta. Mume wangu alikuwa ukingoni akiamuru: vuta, legeza, vuta! Watu waliona ni ukubwa huo, mkubwa haingii majini. Mimi tu ndiye niliyejua sababu. Alipokuwa askari waliwahi kuvushwa mto fulani kwa mtumbwi, ukapinduka, wenzake wakazama akiwaona. Tangu hapo hakupanda mtumbwi tena. Akiwa na safari ya Serengeti, wenzake walivushwa, yeye alisema mguu wa askari unahitaji mazoezi, akazunguka kwa miguu mpaka kwenye daraja huko mbali, akafika kesho yake. Kijiji kilikuwa kipya, hakuna aliyeshtuka.

Bwana nyama alikuwa ng'ambo kwa kazi zake, akasikia, akavuka kuja kuchukua meno. Nyama akaturuhusu tugawane. Jamani, nyama! Pombe ya ulezi ikatolewa, watu wakashiba, na jua likiwa bado juu wanaume wakaanza majigambo.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Mkurya akifanya jambo kubwa, anasimama katikati ya wenzake wa rika, fimbo mkononi, anajisifu. Anaruka, anataja alichofanya, wenzake wanaitikia. Huwezi kujigamba kwa jambo ambalo hukulifanya. Ukisema uongo pale na ukarudisha maneno yako, wenzako wa rika wanakula fahali wako, na wewe hupewi tena nafasi ya kusimama uwanjani. Kwa mwanaume wa wakati ule hiyo ilikuwa aibu ya kufa nayo.

Basi wangu akasimama. Namwona mpaka leo, koti lake la jeshi, fimbo juu. Na mimi nikijua kisa kizima, nikasubiri nisikie habari za mihogo. Loo! Mihogo iko wapi? Alisema alisukuma mtumbwi peke yake kabla ya mapambazuko. Alisema alisimama ndani yake katikati ya mto, kiboko akafungua mdomo kama mlango wa zizi, wakatazamana macho kwa macho, akampiga! Na kwa kuwa kila mtu alishaona mzoga ukivutwa kutoka katikati ya mto, nani angebisha? Wenzake wakanguruma kwa furaha.

Yote hayo aliyasema kwa Kikurya, na bwana nyama hakujua Kikurya. Yangeishia hewani. Lakini kando yake alikaa katibu wa kijiji, mtu anayependa sana kuonekana na wageni, akawa anatafsiri kila neno kwa Kiswahili safi, mkono kifuani. "Anasema amesimama ndani ya mtumbwi. Anasema yuko katikati ya maji. Sasa anapiga!"

Bwana nyama akaweka chini kipande chake cha nyama.

Kelele zilikatika polepole, kama mvua inavyokatika. Akamwuliza mume wangu kwa Kiswahili, mbele ya wote, "Ndugu, hayo uliyosema ni kweli? Ulipiga ukiwa ndani ya mtumbwi?"

Mume wangu akatazama wenzake wa rika, nao wote wamemkodolea macho. Akasema, "Kweli."

Bunduki ikachukuliwa pale pale. Bwana nyama akasema kesho asubuhi wataondoka pamoja kwenda Mugumu, na mtumbwi nao utashikwa. Mjaluo akaapa kwamba hakumpa mtu mtumbwi wake, aliuacha umefungwa mtini, naye alilala kwa shemeji yake. Akaambiwa atayaeleza hayo mbele. Nani angemsaidia? Mtu amekiri kwa mdomo wake, ushahidi gani tena unatafutwa?

Nyumbani nilimfokea mpaka koo likakauka. "Nenda ukamwambie ulikuwa kwenye mihogo!"

"Mbele ya rika langu? Siwezi."

"Basi nitasema mimi."

Akanishika mkono. "Mama watoto, nakuomba. Ukisema ninaogopa maji umeniua. Afadhali jela."

"Jela unaijua wewe? Na hawa watoto? Na hili tumbo?" Maana nilikuwa mjamzito, nimekaribia. Aliniapisha nisifungue mdomo, na mimi kwa upumbavu wa mapenzi nikaapa, halafu nikalia kwa hasira kwa sababu nimeapa.

Asubuhi kijiji kizima kikamsindikiza kivukoni. Mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, yanakwenda kwa kasi. Nilimbeba mdogo mgongoni na tumbo mbele, na kwapani nimeshika kifurushi cha nguo zake, na kila hatua najiambia, sasa nitasema, hapana nimeapa, sasa nitasema. Nikisema nimemvunjia heshima yake yote. Nikinyamaza nitajifungua bila mume. Niliwaza nimsubiri mpaka akaribie maji, labda atasema mwenyewe. Nikaona midomo yake imefungwa kama mfuko wa chumvi.

Bwana nyama akatangulia kuingia mtumbwini, akaketi. "Karibu, ndugu."

Na hapo ndipo nilipong'amua, na nadhani yeye mume wangu naye ndipo alipong'amua: kwenda jela kulipitia kwenye mtumbwi.

Akasimama ukingoni. Akarekebisha koti. Akakohoa. Akasema ngoja kwanza afunge kiatu, wakati amevaa makatambuga, ndala za matairi zisizo na kamba ya kufunga. Akaweka mguu mmoja. Mtumbwi ukayumba kidogo, kidogo tu, kama unavyoyumba kila siku. Weeh! Mume wangu, askari, muua kiboko, akapiga ukelele wa "Mama yangu!" akajirusha nyuma, akalala kifudifudi kwenye majani ameyakumbatia kwa mikono miwili, macho kayafumba.

Bwana nyama alimtazama muda mrefu. Kisha akashuka, akachuchumaa karibu naye, na akazungumza kwa upole ambao sikuutegemea. "Ndugu yangu. Wewe ndiye uliyesimama ndani ya hiki?"

Mume wangu akazidi kuyang'ang'ania majani.

"Sema mwenyewe. Ulimpiga ukiwa wapi?"

Mume wangu akajibu bila kuinua uso, majani mdomoni. "Kwenye mihogo."

"Kwenye mihogo sehemu gani?"

"Njia yao ya kurudia mtoni. Nilikuwa nimepiga magoti. Nilisahau kofia."

Bwana nyama alikwenda mwenyewe kuangalia, sisi sote tukimfuata nyuma kama siafu. Kofia ilikuwepo. Ganda la risasi lilikuwepo, limelala kwenye tuta. Damu ilikuwepo kwenye majani ya mihogo na kwenye matete, mpaka majini. Akaokota ganda, akalitia mfukoni, akamrudishia mwenyekiti bunduki. "Nchi kavu," akasema. "Kwa miguu yake." Akafikiri kidogo. "Kwa magoti yake. Sheria haikukataza magoti."

Jamani, nilicheka! Nilianza mimi, mimi mkewe, nikakaa chini kwenye matuta na tumbo langu nikacheka na machozi yananitoka, na kijiji kizima kikafuata. Mjaluo alikumbatia mtumbwi wake kama mtoto aliyepona surua. Hata watu wa rika walicheka, ingawa hawakumsamehe deni la fahali. Walimla siku chache baadaye, na mimi niliwapikia kwa furaha, nikiwajazia sahani. Fahali ananunuliwa. Na tangu siku hiyo mume wangu hakusimama tena kwenye majigambo, alikaa pembeni akiwashikia wenzake fimbo.

Lakini ninachotaka kusema ni cha njiani, siku ile ile tukirudi nyumbani. Watu walishatupita, tumebaki wawili na mtoto mgongoni. Alitembea akitazama chini, ana majani kwenye nywele. Nikaona ana huzuni, nikataka kumpoza. Nikamwambia, "Angalau hukuaibishwa na mimi. Niliapa, na kiapo changu nimekishika."

Akasimama. Akanitazama kama mtu aliyedhulumiwa.

"Mama watoto," akasema, "mimi tangu tunatoka nyumbani nilikuwa nasubiri useme. Kila hatua nasema, sasa hivi atasema. Mbona ulininyamazia?"

Nilimchapa na kile kifurushi cha nguo. Nilimchapa mgongoni, begani, popote, na kila nilipomchapa hasira iliisha kidogo, naye hakukimbia, alisimama tu anapokea, anacheka na kulia. Kisha akaninyang'anya kifurushi, akamchukua na mtoto, akatangulia. Tulipofika alikula uji bakuli zima, akalala mchana kweupe, akakoroma mpaka kuku wakatoka nje. Nilikaa mlangoni nikichambua mboga na kumsikiliza.